Kabla Hujapanda Basi la Kurudi Bangale

Wadogo zangu wa Bangale, na nyinyi wa Madogo, Bura, Hola hadi Garsen, leo tuzungumze habari ya midomo. Msimu wa harusi ukikaribia, swali linalonijia ni lile lile: Dada, nimeona kwenye TikTok wasichana wanadungwa fila, midomo inajaa vizuri. Nikienda Nairobi kununua nguo za harusi, nikadungwa asubuhi na kupanda basi jioni, kuna ubaya gani?

Upo, na sehemu kubwa ya ubaya huo iko pale mwisho wa swali, kwenye basi la jioni.

Kama ni halali au haramu, mpelekee shekhe unayemwamini, yeye ndiye mwenye elimu hiyo. Wala sitamcheka msichana anayetaka midomo ijae. Ninachotaka tuzungumze ni damu yako na njia inayopita.

Fila inayotumika sana midomoni ni asidi ya hialuroniki, kitu cha ute ambacho hata miili yetu hukitengeneza. Hukaa miezi sita hadi mwaka hivi, kisha mwili huimaliza wenyewe. Siku za mwanzo mdomo huvimba, huuma, na pengine damu huvilia chini ya ngozi. Hayo hutulia ndani ya siku chache, mara nyingine wiki mbili. Kitambaa chenye barafu kinasaidia. Chai ya moto iache kwanza mpaka ganzi iishe, kwa sababu utajiunguza bila kujua. Na kama wewe ni mtu wa kutokwa na malengelenge mdomoni kila ukipata homa, mwambie daktari mapema, kwani sindano huamsha virusi vile na kuna dawa ya kuvizuia.

Linalonitia hofu ni mshipa. Mdomo wa juu na wa chini, kila mmoja una mshipa wake wa damu, na mishipa hiyo haikai mahali pamoja kwa kila mtu. Sindano ikiingia ndani ya mshipa, au fila ikiubana kwa nje, damu haipiti. Mmeona mfereji wa mradi wa umwagiliaji wa Bura ukizibwa na tope: mahindi ya mwisho wa shamba ndiyo yanayoanza kunyauka, ingawa tope liko mbali nayo. Ndivyo ilivyo. Fila imeingia mdomoni, lakini ngozi inayokosa damu inaweza kuwa ya juu ya mdomo, ya kidevu, hata ya pua. Isiposaidiwa, hubadilika rangi, hutoa malengelenge, kisha hufa na kuacha kovu. Mara chache sana fila husafiri na damu mpaka kwenye jicho, na jicho lililokosa damu linaweza kupofuka ndani ya takribani dakika 90.

Jambo hili halitokei kila siku. Lakini likitokea, kinachohesabiwa ni saa. Kuna dawa inayoyeyusha fila ya aina hii, inaitwa hialuronidesi. Ikidungwa katika saa za mwanzo, mara nyingi mshipa hufunguka na ngozi ikapona. Siku nzima ikipita, inaweza kukuta ngozi imeshakufa.

Sasa turudi kwenye basi. Fila nyingi zimechanganywa na dawa ya ganzi, tena wengine hupakwa krimu ya ganzi au hudungwa ganzi kama ya kung'oa jino. Kwa hiyo unatoka pale husikii kitu, unajiona uko sawa, unapanda gari Eastleigh. Ganzi inaisha njiani. Maumivu yanaanza na wewe unasema ndiyo dawa inafanya kazi. Basi likishapita Mwingi, usiku, hospitali kubwa iliyo mbele yako ni ya Garissa, na aliyekudunga yuko nyuma yako kwa mwendo wa saa kadhaa. Dawa ile usitarajie kuikuta katika kila zahanati. Na dada wa Garsen aliyekwenda Malindi au Mombasa, wewe nawe una barabara yako ndefu. Kama umeamua kudungwa, lala mji ule ule angalau usiku mmoja, kwa shangazi, kwa rafiki, popote penye heshima, ili ukihitaji kurudi kwa daktari urudi kwa miguu au kwa bodaboda.

Ukiwa hapo jiangalie kwenye kioo penye mwanga. Nasema hivi hasa kwa dada zangu wanaovaa niqabu, maana uso wako hakuna atakayeuona akakushtua, ni wewe mwenyewe. Vitabu vingi husema ngozi iliyokosa damu huwa nyeupe. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi weupe huo haujitokezi upesi, kwa hiyo geuza mdomo utazame upande wa ndani, ule wenye wekundu. Bonyeza kwa kidole, achilia, utazame rangi inarudi lini. Ikikawia zaidi ya sekunde tatu, au upande mmoja ukawa tofauti na mwingine, hapo pana shida. Angalia pia madoa ya zambarau au kijivu yanayojichora kama wavu, ubaridi wa ngozi, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukiona hayo, barafu iweke kando, kwa sababu hubana mishipa; tumia kitambaa cha vuguvugu na umpigie aliyekudunga saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Macho yakififia au yakiuma, ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usipige simu ya kuomba ushauri. Nenda hospitali.

Kuna matatizo mengine yanayokuja polepole: vinundu vigumu, usaha, uvimbe unaojitokeza wiki au miezi baadaye. Usivikamue. Mwenye mwili wa kufanya makovu ya kuinuka afikirie mara mbili, na mjamzito au anayenyonyesha asubiri.

Kabla ya kulipa chochote, muulize anayetaka kukudunga: dawa ya kuyeyusha unayo hapa, sasa hivi? Akuoneshe chupa. Akisema haihitajiki, au akasema ataagiza, vaa viatu uondoke. Mwulize pia jina la fila, na kasha lifunguliwe mbele yako. Silikoni ya maji ikataeni kabisa, hiyo haiyeyuki kwa dawa yoyote. Na ile kalamu inayouzwa mtandaoni, ya kusukuma fila bila sindano, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake Oktoba 2021. Mamlaka hiyo hiyo haijaidhinisha fila ya midomo kwa aliye chini ya miaka 21, na England ilipiga marufuku kuwadunga walio chini ya miaka 18 kuanzia mwezi huo huo. Wewe wa kidato cha tatu uliyeniandikia, jibu lako ni hapana, na nalisema kwa mapenzi.

Leseni ya daktari wa hapa Kenya huangaliwa kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kuondolewa mafuta mwilini, na baraza hilo likaifunga kliniki iliyomhudumia. Upasuaji ule si sindano ya mdomo, najua, lakini milango ya kliniki za urembo inafanana, na tangazo zuri si leseni.

Kwa akina mama: binti akirudi amevimba na amejifunika, mahari na maneno ya watu yangojee. Aibu ndiyo inayowafanya wasichana wakae chumbani siku tatu wakipaka asali, na saa zile zinapotea. Mfunueni uso, mtazameni, tafuteni gari la Garissa au Hola.

Na wewe binti, ukifika mapokezi usiseme umeumwa na mdudu. Sema nimedungwa fila mdomoni, taja jina lake, saa uliyodungwa na namba ya aliyekudunga, ili daktari azungumze naye moja kwa moja. Kama ulipewa kadi au kibandiko cha kasha, kipige picha leo na umtumie mtu mmoja unayemwamini.