Ujumbe unaotokea kila ukiwasha kompyuta



Mama mmoja aliniletea laptop ya mtumba anayotumia kuombea kazi. Kila akiiwasha, kidirisha kinatokea kimeandikwa "RunDLL", kisha "There was a problem starting", jina refu la faili, na mwisho "The specified module could not be found". Aliogopa, akautafuta ujumbe huo kwenye intaneti, akaangukia tangazo lenye namba ya simu. Aliyepokea alimtaka anunue kadi za zawadi za dola 300 amsomee namba zake. Kilichomwokoa ni simu kuisha chaji.

Maana ya ujumbe wenyewe ni hii: Windows imeambiwa ifungue faili fulani, imelitafuta, haikulipata. Basi. Sisi tuliopanga apartment tunajua barua za mpangaji wa zamani: yeye alishahama, lakini barua zake bado zinaletwa kwako. Mama huyu aliwahi kupakua programu ya bure ya kufungulia PDF, na ndani yake ikaja nyingine ya matangazo ambayo hakuiomba. Kijana wake aliiondoa. Faili likafutwa, agizo la kulifungua kila asubuhi likabaki.

Kwanza piga picha ujumbe kwa simu yako ili jina la faili lisikupotee, kisha bonyeza OK. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka "Task Manager". Nenda kwenye "Startup" (kwenye Windows 11 ni "Startup apps"). Hapo pana orodha ya vyote vinavyoamka pamoja na kompyuta. Agizo la faili lililofutwa mara nyingi huitwa "Program" tu, bila picha yoyote, kwa hiyo jina halikusaidii. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya vichwa vya safu, uchague "Command line". Sasa utaona kila agizo linaelekea faili gani. Lilinganishe na picha yako. Likifanana, libonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua "Disable", uzime kompyuta na kuiwasha tena.

Ujumbe ukirudi, huenda agizo limejificha kwenye ratiba. Andika "Task Scheduler" mahali pa kutafutia, fungua "Task Scheduler Library", uguse kila mstari na kutazama "Actions" chini yake. Ukikuta faili lile lile, "Disable" tena. Napendelea "Disable" kuliko kufuta, maana ukikosea unaweza kurudisha.

Usipakue faili lililokosekana kutoka tovuti yoyote. Ndivyo mgeni yule anavyorudishwa ndani. Wala usifute rundll32.exe. Hiyo ni mali ya Windows, ni mtumwa tu aliyetumwa.

Mwishoni fungua "Windows Security", uchague "Full scan", uiache ifanye kazi hata saa nzima au zaidi. Programu moja ya matangazo mara nyingi haiji peke yake.

Ujumbe wa kweli wa Microsoft hauna namba ya simu. Ukiona namba, ni mwizi, hata kama skrini ni nyekundu na inapiga kelele. Kama ulishalipa, pigia benki yako leo hii, au kampuni iliyotoa kadi, risiti ikiwa mkononi. Kisha toa taarifa kwa reportfraud.ftc.gov. Kama ulimruhusu aingie kwenye kompyuta, ikate intaneti na ubadilishe neno la siri la benki ukitumia kifaa kingine. Usione haya kutuambia. Wamedanganywa watu waliozaliwa hapa hapa.

Laptop ya shule ya mtoto usiiguse, irudishwe shuleni. Yako ikikushinda, ilete ofisini pamoja na chaja yake na ile picha. Wakati unasubiri, kompyuta za maktaba ya mji ni za bure, na maombi ya kazi yanaweza kuendelea huko.