Kabla ya Januari: Mwongozo kwa Familia za Kajiado Zenye Vijana Shuleni

Mwalimu anapofungua rejista Januari kule Ilbissil au Mashuuru, huita jina na kujibiwa na wenzake wa aliyekosa: "Ameolewa, mwalimu." "Yuko mjengo Kitengela." Hakuna aliyemfukuza mtoto huyo. Oktoba shule zikifungwa alikuwa mwanafunzi, tena mwenye daftari zake. Likizo ndefu ndiyo iliyompeleka, kwa sababu ndiyo pia msimu wa tohara na harusi, na ndiyo miezi ambayo nyumba isiyo na kitu hukaa chini na kuhesabu midomo. Nawaandikia wazazi, shangazi, wajomba na kijana mwenyewe, kuhusu yanayoweza kufanywa kabla ya rejista hiyo kufunguliwa.

Shida zenyewe zinajulikana. Ukame ulioanza 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo Kajiado yote, na boma lililozoea kuuza ng'ombe kila Januari kwa ajili ya karo likabaki na mbuzi wa kuhesabika. Kitengela kuna jambo jingine: ardhi. Ranchi za pamoja ziligawanywa, kila mzee akapata hati yake, ploti zikauzwa moja moja, na leo yupo kijana anayebeba mawe kwenye nyumba inayojengwa juu ya malisho ya babu yake. Mama anayesikia kwamba kipande kilichobaki kinauzwa ajue kuwa shamba haliuzwi bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na boma la ndoa haliuzwi bila idhini ya mke. Aende mbele ya bodi na wanawe, aseme, kabla pesa haijaliwa.

Sasa karatasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watoto wengi wakikwama hapa. Katika maboma mengi kuna sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ufungueni Novemba, mchana, mkitoa kimoja kimoja: kadi ya kliniki iliyoliwa pembe, nakala za vitambulisho vya wazazi, ripoti za shule, cheti cha ubatizo. Mara nyingi kinachokosekana ni cheti cha kuzaliwa. Bila hicho mtoto husumbuka kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, kuomba basari, na baadaye kuchukua kitambulisho akitimiza miaka 18. Aliyezaliwa nyumbani bado anaweza kusajiliwa akiwa mkubwa. Mwanzo ni kwa chifu msaidizi, kisha ofisi ya usajili wa raia. Maombi hupitia eCitizen, na mtu wa saiba atakusaidia kujaza. Mama asiye na mume anaweza kumsajili mtoto peke yake, asirudishwe nyumbani kumtafuta baba. Shughuli hii hula wiki, pengine miezi, ndiyo maana nasema Novemba.

Kuhusu karo, wazazi wengi hawaambiwi mapema kwamba shule ya umma ya kutwa haitozi ada ya masomo. Gredi ya saba hadi ya tisa ziko ndani ya shule za msingi, na kwa sekondari ya kutwa serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzazi hubaki na sare na chakula cha mchana. Si kidogo, lakini si mzigo wa bweni. Mwanao akiitwa shule ya bweni ambayo huiwezi, usikae na barua hiyo ukingoja muujiza. Nenda mapema ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uombe nafasi karibu na nyumbani. Mtoto aliyeketi darasani katika shule ndogo Isinya ana kitu zaidi mkononi kuliko mwenye barua ya shule kubwa akichunga mbuzi. Basari za eneobunge na za kaunti hutangazwa kwa siku chache tu, basi mwombe mwalimu mkuu au mzee wa kijiji akujulishe. Koko, yaani bibi, anayelea wajukuu mayatima aulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kwa wasichana nitasema bila kuzunguka. Sheria ya 2011 inakataza ukeketaji, na anayejua kwamba unapangwa akanyamaza naye ana kosa. Kumvusha binti mpaka wa Namanga ili akatwe upande wa Tanzania pia ni kosa. Sheria ya Ndoa ya 2014 haitambui ndoa ya aliye chini ya miaka 18, hata ng'ombe wawe wameshafika. Dada, ukisikia wazee wakiongea usiku na jina lako likitajwa, usingoje uhakika. Piga 116, ni bure, mchana na usiku, na utaje kijiji, boma la nani, na shule unayosoma. Mwalimu, mchungaji na afisa wa watoto wa kaunti ndogo pia wanaweza kukuondoa kwa usalama. Mji wa Kajiado umezoea kazi hii: shule ya wasichana ya AIC imewapokea wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa kwa miaka mingi.

Binti akiwa amebakwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifanyi kazi baada ya hapo. Asioge. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni. Fomu ya P3 ya polisi ni bure. Kesi hiyo haimalizwi kwa mbuzi wala kwa kikao cha wazee.

Kijana wa kiume tunamsahau. Akitoka jandoni huambiwa amekuwa mwanaume, na Januari anaona aibu kukalia dawati mbele ya mwalimu wa kike. Baba na wajomba waliomsimamia kwenye tohara wampeleke wao wenyewe hadi langoni; neno lao kwake wakati huo lina uzito zaidi kuliko la mama. Akishika njia ya Kitengela, machimbo ya mawe si kazi ya aliye chini ya miaka 18, na tajiri anayemwajiri huko anavunja sheria. Akimaliza kidato cha nne bila alama za chuo kikuu, kuna Masai Technical mjini Kajiado na mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa ufundi.

Nanyi wenzangu wa Kitengela mnaoletewa "msichana wa kazi" wa miaka 14 kutoka vijijini: huyo ni mtoto wa shule. Ukimpokea, mpeleke gredi yake, au mpigie afisa wa watoto simu.

Na aliyekosa Januari bado ana nafasi. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu mwenye mimba kubaki darasani afya yake ikikubali, na aliyejifungua kurudi, hata katika shule nyingine akiona haya ya ile ya kwanza. Mara nyingi koko ndiye hubaki na mtoto mchanga. Cheti cha mtihani kilichozuiliwa kwa deni la karo nacho kidaiwe, kwa kuwa sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 hairuhusu kukizuia. Mwezi wa pili au wa tatu, mshike mkono mtoto, uende naye ukiwa na ule mfuko wa nailoni na barua ya chifu. Sare isiwe sababu ya kungoja. Mwalimu mkuu akisita, muulize jina la afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na siku hiyo hiyo nendeni kwake pamoja na mtoto.