Namna ya kumkimbia Charles: niliyojifunza nikicheza Mtwara

Mtwara haina treni. Iliwahi kuwa nayo: mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianza kujenga reli ya mradi wa karanga kutoka huku pwani hadi Nachingwea, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Kwa hiyo treni ya kwanza kuiendesha maishani mwangu ni ya kwenye gemu, na nilikuwa nafukuzwa na treni nyingine yenye miguu ya buibui.

Gemu hilo ni Choo-Choo Charles la Gavin Eisenbeisz, lililotoka Desemba 2022. Unashushwa kwenye kisiwa cha Aranearum, unapewa kitreni cha njano chenye bunduki nyuma, basi. Charles ni kichwa cha treni chenye uso na meno, na anakula watu. Ukimsimulia mtu, anacheka. Mpwa wangu alicheka hivyohivyo, nikamvisha hedifoni. Honi ya Charles ilipolia mara ya pili alizivua, akageuka kutazama mlango.

Sisi tuliokulia kwa Wamakonde hili halitushangazi. Lipiko, mchezaji wetu wa kinyago, akitoka kucheza, kichwani kavaa kinyago chenye nywele za mtu, shingo kafunika kitambaa, unajua fika kwamba ndani yupo binadamu, pengine mjomba wako. Na bado unatimua mbio. Kitu kikiwa nusu kinachekesha, mwili haujui ujiandae kwa lipi.

Sasa jinsi ya kupona. Mwanzoni usimtafute Charles, na akija usijidanganye kwamba utamuua. Ukimjeruhi vya kutosha anakimbia, halafu anarudi. Kazi yako ni kuokota vyuma chakavu na kufanya kazi za wanakisiwa, wanaokulipa kwa vyuma hivyohivyo. Vyuma ndiyo pesa yako: vinatengeneza treni ikiharibika, na vinaiongezea mwendo, nguvu ya silaha na ulinzi. Wengi wanakimbilia silaha. Mimi nasema anza na mwendo. Bunduki iko nyuma, usukani uko mbele, huwezi kushika vyote kwa pamoja. Treni yenye kasi inakwenda yenyewe huku wewe unapiga risasi kwa utulivu. Kila mara bakiza vyuma vya matengenezo. Niliwahi kuvimaliza vyote kwenye silaha, Charles akatokea kabla sijafika kazi iliyofuata, sikuwa na hata kimoja cha kuzibia.

Ukishuka, tembea kwa masikio. Ondoa muziki mwingine, zima feni kama unaweza kuvumilia joto la huku Mtwara, usikilize. Kabla hujaingia kichakani, geuza macho uone treni umeiacha upande gani, kwa sababu ukisikia honi hutakuwa na muda wa kutafuta ramani.

Halafu kuna migodi mitatu, kila mmoja una yai moja unalopaswa kulichukua, na walinzi wenye bunduki. Huko huna silaha ya mkononi. Nenda umeinama, subiri mlinzi akupe mgongo, pita. Ukionekana, kimbia bila kusimama. Usianze mgodi kama laptopu haina chaji na umeme unacheza. Hofu ya aina hiyo haina faida.

Mayai matatu yakitimia, unaweza kumwita Charles kwa pambano la mwisho. Usimwite mpaka umepata silaha zote na treni imeongezewa kila kitu hadi mwisho. Mimi nilimwita na ulinzi ukiwa nusu, akanimaliza kabla sijafika mbali.

Eisenbeisz alichukua treni na buibui, vitu viwili anavyovijua kila mtoto, akaviunganisha. Sisi tuna lipiko, tuna vinyago vya mashetani vya mpingo vyenye viungo visivyohesabika, tuna mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma maji yakijaa usiku. Kama uko Mtwara, Newala au Masasi na unajifunza kutengeneza gemu, anza na hivyo. Mimi nitalicheza siku ya kwanza.