Vitabu vya Kutufundisha Fadhila

Ndugu wakatekumeni wapenzi, mmekwisha kujifunza kwamba fadhila ni desturi imara ya kutenda mema. Fadhila za Kimungu ni tatu: imani, matumaini na mapendo. Fadhila kuu za maadili ni nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Lakini mtu aweza kuyataja majina hayo saba bila kosa, kisha sokoni akapunguza kipimo cha unga. Huyo amelijua neno haki, hajaipata haki yenyewe. Basi tusome ili tupate kutenda.

Tusome nini?

Kwanza, Maandiko Matakatifu. Fadhila nne zatajwa pamoja katika kitabu cha Hekima, sura ya 8, aya ya 7. Mapendo yaelezwa na Mtume Paulo katika Barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 13.

Pili, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992. Tafuteni namba 1803 hadi 1845.

Tatu, maisha ya watakatifu na wenye heri, maana humo fadhila huonekana ina mikono na miguu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa akikagua bidhaa mpakani, katika mji wa Goma. Watu walimtolea fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite. Kwa busara aliyaona madhara yake. Kwa haki aliyalinda maisha ya walaji. Kwa nguvu alikataa, ijapokuwa alitishwa. Akauawa mwaka 2007, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Mkikitilia kitabu mashaka, tazameni katika kurasa za kwanza kama limeandikwa neno *Imprimatur*, ndiyo ruhusa ya Askofu. Au mwulizeni Padri au katekista.

Someni kidogo kidogo, pamoja na sala. Asiyejua kusoma asihuzunike: mwenzake amsomee, naye ayashike moyoni. Mbegu haiulizi imefika shambani kwa mkono wa nani.

Maswali
1. Fadhila ni nini?
2. Fadhila kuu za maadili ni zipi?
3. Floribert alionyeshaje haki?

Kazi ya juma hili: Chagua fadhila moja. Soma habari zake, kisha utende tendo moja la fadhila hiyo kabla jua halijatua.