Kifaa ndani ya kifua: nani ana haki ya kuambiwa?

Baadhi ya wasomaji wetu wanaohudumia wagonjwa wamewahi kukutana na mtu mwenye uvimbe mdogo mgumu kifuani, karibu na bega, wenye kovu juu yake. Hapo chini ya ngozi kuna kifaa cha moyo. Katika somo hili tunaangalia kinachotokea pale mtengenezaji anapogundua kwamba kifaa hicho kina kasoro, wakati tayari kimo ndani ya miili ya watu.

Vifaa hivi ni vya aina mbili kubwa. Pesimeka hutoa umeme mdogo ili moyo unaopiga polepole mno urudie mwendo wake. Difibrileta hungoja. Moyo ukianza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, hutoa mshtuko mkali wa kuurudisha katika mapigo ya kawaida. Vyote vina betri, na kwa kawaida huunganishwa na moyo kwa waya. Dawa ikikudhuru unaweza kuiacha leo hii. Kifaa hukaa miaka mingi, na mwenye nacho hawezi kukifungua akikague. Hana budi kuwategemea wengine wamwambie ukweli.

Machi 2005, kijana wa miaka 21 kutoka Marekani alikuwa akiendesha baiskeli katika jimbo la Utah. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaonenepesha misuli ya moyo, na kwa sababu hiyo alikuwa amepandikizwa difibrileta iliyotengenezwa na kampuni ya Guidant. Moyo ulipovurugika, kifaa hakikumwokoa. Alikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba umeme ulikatika njia ndani ya kifaa chenyewe, mahali ambapo utando wa kufunika waya ulikuwa umeharibika.

Madaktari wake wa Minneapolis, Barry Maron na Robert Hauser, waliiuliza kampuni. Wakajibiwa kwamba kasoro hiyo ilikuwa inajulikana. Kampuni ilikuwa na taarifa za visa vingine 25 vya namna hiyo, na tangu mwaka 2002 ilikuwa imebadili utengenezaji ili kuiondoa. Hata hivyo madaktari na wagonjwa hawakuambiwa, na vifaa vya zamani vilivyokuwa ghalani viliendelea kuuzwa. Madaktari hao wawili walitaka wagonjwa wote wajulishwe. Kampuni haikuona haja. Ndipo wakapeleka habari kwa gazeti la New York Times, lililoichapisha Mei 2005. Mwezi uliofuata vifaa hivyo vikatangazwa rasmi kuwa na hitilafu.

Utetezi wa kampuni haukuwa wa kipuuzi, na tunaomba msomaji aupime kwa haki. Visa vilikuwa vichache kati ya vifaa vipatavyo 26,000. Kampuni ilisema tangazo lingewatia watu hofu, na wengi wangekimbilia upasuaji ambao nao una hatari zake. Hilo la hatari ni kweli. Huko Kanada watafiti waliwafuatilia wagonjwa 533 waliobadilishiwa difibrileta kwa sababu ya matangazo ya aina hii. Wagonjwa 31 walipata matatizo yaliyowalazimu kupasuliwa tena, na 2 walikufa. Kwa hiyo si kila kifaa chenye kasoro kinafaa kutolewa. Kwa mtu ambaye moyo wake haujawahi kuhitaji mshtuko, pengine ni heri kungoja. Kwa mwingine, kungoja ni hatari.

Lakini nani wa kupima? Sisi tunaona hapa ndipo kampuni ilipokosea. Ilichukua uamuzi uliokuwa wa mgonjwa na daktari wake, ikaufanya peke yake, kimya kimya, huku ikiendelea kuuza.

Kesi zilifuata kwa maelfu. Mwaka 2007 kampuni ya Boston Scientific, iliyokuwa imeinunua Guidant, ilikubali kulipa dola milioni 240 kumaliza madai ya watu wapatao 8,500. Kukawa na mashtaka ya jinai pia, ya kutoiarifu serikali ipasavyo. Guidant ilikiri, lakini mwaka 2010 jaji Donovan Frank alikataa makubaliano ya kwanza kwa kuwa yalikuwa ya faini tu. Mwaka 2011 aliyakubali yakiwa na faini ya zaidi ya dola milioni 296 pamoja na kipindi cha miaka mitatu cha kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama.

Mlango huo wa fidia umekuwa mwembamba tangu hapo. Februari 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba kifaa kilichopitia ukaguzi mkali wa serikali kuu kabla ya kuuzwa kinakingwa dhidi ya madai mengi chini ya sheria za majimbo. Hivyo aliyeumia anaweza kukosa pa kwenda, hasa kwa vifaa vya hatari kubwa kama difibrileta, kwa sababu ndivyo vinavyopitia ukaguzi huo.

Je, habari za kasoro zingemfikia mgonjwa wa kwetu? Baada ya upasuaji mgonjwa hupewa kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya kifaa, namba yake na tarehe. Tumeona watu wakiiweka pamoja na risiti za zamani. Bila namba hiyo hakuna njia rahisi ya kujua kama tangazo linamhusu. Ni muhimu zaidi kwa waliopewa pesimeka zilizotumika na kusafishwa upya. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoshiriki majaribio ya vifaa hivyo.

Katika kikundi chenu, jadilianeni: Ni nani hapa kijijini mwenye kifaa cha moyo, na kadi yake iko wapi? Akihama au akibadili simu, kliniki itampataje? Na kama ungekuwa wewe, ungependa kuambiwa juu ya hatari ya mtu mmoja kati ya elfu?