Uwanja wa Ndege Unapopanuliwa: Haki za Mwenye Kibanja

Mkazi wa Kamachumu anayetaka kusafiri kwa ndege hushuka hadi Bukoba, kwenye uwanja uliobanwa kati ya mji na Ziwa Victoria. Ndiyo maana mjadala wa kuboresha uwanja huo, au kujenga mwingine Omukajunguti wilayani Missenyi, umeendelea kwa miaka mingi. Msafiri huusikiliza kwa matumaini, mwenye kibanja kwa wasiwasi. Na mara nyingi wawili hao ni wa nyumba moja. Katika somo hili tunaeleza haki za mwananchi ambaye ardhi yake inahitajika kwa njia ya kurukia ndege.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 huiruhusu Serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Hata hivyo, Katiba, katika Ibara ya 24, hulinda haki ya kumiliki mali na kutaka fidia inayostahili. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 huongeza kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati.

Wengi hudhani kuwa fidia ni bei ya nyumba na mazao pekee. Kanuni za mwaka 2001 zinataja mafungu haya:

1. Thamani ya ardhi na maendelezo yake, kwa bei ya soko.
2. Posho ya usumbufu.
3. Posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20.
4. Posho ya makazi: kodi ya pango ya miezi 36.
5. Fidia ya kupotea kwa faida ya biashara, kwa miezi 36.

Mafungu matatu ya mwisho hayalipwi kwa ardhi isiyokaliwa.

Kibanja cha Kihaya hubeba vitu vingi kwa pamoja: migomba, mibuni, miti ya kivuli na makaburi ya wazee. Kwa hiyo mwenye mali awepo mthamini anapohesabu, ahakikishe kila kitu kimeandikwa, na asitie saini fomu ambayo hajaisoma au kusomewa. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, hivyo familia iyataje mapema.

Muda nao ni haki. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6, mwananchi anastahili riba. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia hudumu miaka 2. Baada ya hapo hauna budi kufanywa upya. Umuhimu wa kanuni hii unaonekana Kipunguni, Dar es Salaam, ambako wakazi waliofanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege walisubiri malipo kwa zaidi ya miaka 20.

Tunashauri kila kaya ihudhurie mikutano ya kijiji, iulize mipaka ya mradi na tarehe ya malipo, na itunze nakala za fomu, picha za mali na barua zote. Asiyeridhika awasilishe pingamizi kwa maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.