Kompyuta Kuukuu Inapojizima na Kujiwasha Yenyewe: Mafunzo Niliyopata

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi linategemea kompyuta ya mezani ya mtumba. Ilipoanza kujizima na kujiwasha yenyewe, mara asubuhi kweupe, mara mteja amesimama anasubiri CV yake, kila fundi alikuwa na jibu kabla hata ya kufungua boksi: "Piga Windows upya, dada." Niliyojifunza ni haya.

1. Kabla ya kupiga Windows, jua ni nani aliyeizima

Windows ikipata hitilafu kubwa hujiwasha upya yenyewe. Imepangwa hivyo, na skrini ya bluu yenye maelezo hupita upesi mno kusomeka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha mipangilio ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Kosa likiwa la draiva au la RAM, mara nyingi skrini ya bluu itabaki palepale uisome. Yangu haikuonyesha bluu yoyote. Ilikata, giza, halafu nembo ya kampuni ikarudi. Hela ya kupiga Windows ikabaki mfukoni.

2. Namba 41 si jibu

Ukifungua eventvwr.msc utakuta alama nyekundu ya Kernel-Power, namba 41. Wengi huishika hiyo kama ndiyo sababu. Kumbe huandikwa kompyuta ikishawaka tena, kusema tu kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Cha kutazama ni BugcheckCode ndani ya maelezo yake. Ikiwa 0, kwa kawaida Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea. Hapo geukia umeme na vifaa.

3. Daftari linajua zaidi ya fundi

Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote. Niliweka daftari kando ya kibodi, kila ikizima naandika saa na kilichokuwa kinaendelea. "Saa 4:10, nachapa, taa imefifia." "Saa 9:30, jirani anachomelea geti." Baada ya muda kurasa zenyewe zikaanza kusema: huzima umeme ukiyumba.

Ndani ya pawa saplai kuna waya wa kijivu unaoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa. Taarifa hiyo ikikatika, mazabodi inasimamisha kila kitu. Ikirudi, inaanza moja. Ndiyo maana kompyuta haibaki imezimika, inajiwasha. Pawa saplai nzima hutakiwa kuvumilia umeme ukikatika kwa takriban milisekunde 16. Kapasita zake zikichakaa, hata kufifia kwa taa kunaiangusha.

"Lakini una UPS!" Ninayo. Nilihifadhi kazi zote, nikachomoa UPS ukutani, na kompyuta ikazimika papo hapo. Betri ilikuwa imekufa na taa ya kijani inawaka vilevile. Nilipoweka betri mpya, kuzimazima kulipungua, ila hakukuisha.

4. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Fundi mmoja alitaka kusafisha, kubadilisha RAM na kupaka dawa ya prosesa kwa mpigo. Nikakataa: ikipona, tungejuaje kilichoiponya? Tulipuliza vumbi kwanza, huku tumeshika feni isizunguke. Joto la prosesa, kwa uzoefu wangu, huanza kwa kuipunguzia kompyuta kasi, na likizidi huizima kabisa. RAM tulisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukaiachia MemTest86+ usiku kucha; haikukuta kosa. Tulichomoa pia waya wa kitufe cha riseti, maana kitufe kilichokwama huwasha upya mashine nzima bila kuacha ushahidi. Kapasita za mazabodi zilikuwa bapa juu, hazijavimba.

5. Multimita haioni kila kitu

Waya wa njano wa pawa saplai ulipimwa volti 11.7. Kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6, kwa hiyo kwenye karatasi ilikuwa nzima. Multimita ya kawaida, hata hivyo, haiwahi kuona anguko la kufumba na kufumbua. Kipimo cha kweli ni kuazima pawa saplai nzima na kufanya kazi nayo. Tulipoiazima, jirani akachomelea mchana kutwa na mimi nikachapa.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani. Kompyuta nyingi za ofisi zina plagi zao wenyewe ambazo za kawaida haziingii. Kama nyuma ina swichi nyekundu, hakikisha inasoma 230, kwa sababu ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko siku hiyohiyo. Na usiifungue ile mbovu kwa udadisi: kapasita za ndani zinaweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

6. Wakati unatafuta, linda kazi za watu

Word hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10. Niliipunguza hadi 1, na mpaka leo sijairudisha.